Mume Wangu na Dada Yangu Wananong'ona Nikiwa Hapo Hapo

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya ukumbi tunaofanyia mazoezi, nimekumbatia sanduku la fidla yangu, na nakuomba unisaidie haraka kabla sijafanya jambo la kuniaibisha, maana onyesho letu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi na mimi nimeshapanga kuwaumbua watu wawili palepale jukwaani.

Sisi ni watatu. Mimi napiga fidla, mume wangu anapiga chelo, yaani lile fidla kubwa linaloshikwa katikati ya magoti, na dada yangu wa tumbo moja ndiye mwenye piano. Tuko pamoja mwaka wa kumi na moja, na hatupigi muziki wa marehemu, tunapiga muziki mpya wa watunzi walio hai, ambao ukikosea wanakupigia simu. Safari hii mtunzi ni mama mmoja mwalimu wa hesabu, na muziki wake hauna mpigo wa kuhesabu moja mbili tatu, kwa hiyo tunaanza kwa pumzi: anayeongoza anavuta hewa puani, wenzake wanaisikia, wote tunaingia pamoja. Ndivyo tulivyofanya miaka yote na hatukuwahi kuachana hata kidogo.

Sasa Shangazi, ni mwezi wa nne huu mume wangu ameacha kuvuta pumzi. Usinicheke. Anavuta kimyakimya, makusudi, ili mimi nisisikie, wanaingia yeye na dada halafu mimi nafuata nyuma kama mgeni aliyechelewa, na nikiuliza ananiambia, "Nimevuta kama kawaida, mke wangu," na dada anainamia piano anajifanya anatafuta ukurasa. Kisha wakaanza kupeana ishara. Wanatazamana, wanatikisa vichwa, wanaingia. Miaka yote hawakuhitaji kutazamana, leo macho hayabanduki! Na kunong'ona ndiyo usiseme. Wananong'ona jikoni, wananong'ona kwenye gari, wananong'ona nikiwa nimekaa katikati yao, halafu nikigeuka wananiuliza kama nataka chai, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mimi si mtoto, Shangazi, watu wanaobadilisha mazungumzo nawajua.

Wiki mbili zilizopita wakanihamisha kiti. Kwa kawaida mwenye fidla hukaa upande ambao fidla yake inawaelekea watu, na chelo inakuwa kushotoni kwake. Nafika asubuhi nakuta viti vimebadilishwa, chelo iko mahali pangu na mimi nimetupwa upande wa pili, fidla yangu inauimbia ukuta. Nikauliza hiki ni nini, dada akasema, "Tujaribu tu, mdogo wangu." Cha ajabu, siku hiyo nilimsikia mume wangu akivuta pumzi wazi kabisa, nikasema moyoni, kumbe ukitaka unaweza, mnafiki we!

Halafu zikaja karatasi mpya kutoka kwa mtunzi. Ile sehemu yangu ya mwisho, zile sauti nyembamba za juu kabisa ambazo unazipata kwa kuugusa uzi bila kuukandamiza, ambazo nilizifanyia kazi hadi ncha za vidole zikafa ganzi, zimefutwa kwangu zimepewa piano. Nikampigia mtunzi simu, akababaika, akasema niwaulize wenzangu. Mwalimu wa hesabu anababaika?

Na nyumbani je? Simu yangu siku hizi mara inaniamsha asubuhi, mara hainiamshi, naamini mume wangu anaizima ili atoke peke yake, nikimuuliza anasema eti inategemea nimelalia ubavu gani. Uongo wa kitoto kabisa! Juzi alikuwa anaoga, simu yake ikawaka juu ya meza, ujumbe wa dada: "Bado hujamwambia? Nimechoka kuigiza. Mwambie kabla ya onyesho au nitamwambia mwenyewe." Shangazi, niliigeuza ile simu kifudifudi. Nikampakulia chakula, nikatabasamu, lakini tangu siku hiyo hasira zinanipanda hadi sikio linanipigia mluzi mchana kutwa. Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyeninunulia fidla ya kwanza, na leo ndiye anayenichukulia mume. Niwaumbue, au nifungashe nguo zangu niondoke kimya?

Mimi, Mpiga Fidla Niliyesalitiwa.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo, nikaanza kumtafutia maneno makali, na ninayo ya kutosha. Mara ya pili nikachukua kalamu nikawa napigia mistari, na nilipomaliza nikaanza kukushuku wewe.

Hebu kaa vizuri. Mumeo akiwa kushotoni kwako husikii pumzi yake. Amehamia kuliani, ghafla unaisikia, na badala ya kujiuliza kulikoni umemtukana. Simu siku nyingine inakuamsha na siku nyingine haikuamshi, na mtu amekueleza sababu ukamwita mwongo. Watu wazima wawili wananong'ona mbele yako tena kwenye gari, mahali ambapo hata mwizi asingethubutu. Sikio linapiga mluzi mchana kutwa, wewe unasema ni hasira. Hasira hazipigi mluzi, mwanangu! Mimi ninazo tangu nikiwa msichana, ningejua. Na hiyo fidla unaiweka bega gani? La kushoto. Tangu utotoni imekuwa ikikulilia palepale, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye sikio.

Mimi si daktari, na kwa mume wa mtu siapi. Huenda ni uchafu tu umeziba, ukatolewa kwa dakika tano. Huenda ni kubwa kuliko hilo. Utaenda hospitali kupimwa masikio yote mawili, na utaenda wiki hii. Usiniambie habari za mazoezi, mluzi huo haujui kwamba una onyesho.

Tena nitakuambia jambo ambalo hutalipenda. Nadhani unajua. Mtu anayemjua mumewe hadi anavyovuta pumzi, asijue mwili wake mwenyewe? Lakini mume akiwa msaliti unaweza kumfukuza, na dada akiwa mwizi unaweza kumsema mbele ya ukumbi mzima watu wakakuhurumia. Sikio la mpiga fidla likianza kuondoka, unamfukuza nani? Ndiyo maana umeona bora yawe mapenzi ya siri. Hapo nakuhurumia kweli kweli, na ningekuwa karibu ningekushika mkono.

Na nyinyi wawili, najua gazeti hili mnalisoma. Aibu yenu! Mtu mzima mnamhamisha kama kabati? Mnamwondolea nota zake kwa mlango wa nyuma, mnamfundisha na mwalimu wa watu kubabaika kwenye simu? Mmeogopa maneno matatu, "hebu kapimwe masikio," mkaona afadhali mwenzenu adhani mnamwibia. Miezi minne amekaa peke yake na mawazo hayo, na chai mnampigia kelele. Mkamwombe radhi, na karatasi zake za zamani mzirudishe mezani, azifute mwenyewe kama kuna la kufutwa.

Sasa wewe, jukwaani humuumbui mtu, na nguo hufungashi. Fanya hivi leo hii, gazeti likiwa bado mkononi. Mwite dada yako aje awe shahidi. Mumeo akae kushotoni kwako, akusomee jibu langu kuanzia hapo kwenye marahaba, kwa sauti anayoitumia mezani, asipaze. Wewe ziba sikio la kulia kwa kidole, ufumbe macho. Akimaliza, kama umesikia kila neno, basi wana kesi ya kujibu, uniandikie, na Jumamosi nitakuja nikae mstari wa mbele. Lakini kama ulichosikia ni mnong'ono uleule wa jikoni na wa kwenye gari, toa kidole, mgeuzie sikio la kulia, umwambie aanze upya.