Doa Zuri Kwenye Kisanduku cha Mama

Jumanne, Bariadi. Mvua imenyesha asubuhi yote na bati la karakana limevuja tena. Nina hasira na bati, nina hasira na ghala, na zaidi ya yote nina hasira na mimi mwenyewe.

Kwa wasionijua: natengeneza visanduku vidogo vya mbao, vya kuwekea hereni, nyuzi, majani ya chai. Mbao nazitoa kwenye mapaleti, yale majukwaa ambayo mizigo hupangwa juu yake ghalani. Tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi, kila mwenye mtaji anajenga ghala lake hapa mjini, na mapaleti yakichoka yanatupwa uani. Naomba, napewa, nang'oa misumari hadi vidole vinakufa ganzi.

Leo mbao zangu zimelowa. Nilipozisogeza, harufu ikanipanda puani.

Dawa ya pamba.

Sisi wa huku tumekua na harufu hiyo, hata hatuisikii tena. Marehemu baba alikuwa akirudi nayo kutoka shambani, bomba mgongoni, anakula nayo. Mbao zilipokuwa kavu sikusikia kitu. Nikaenda ghalani kumuuliza mlinzi. Akasema ndiyo, yale yalikaa chini ya madumu ya dawa na baadhi yalivuja, yeye alidhani najenga banda la kuku. Kana kwamba kuku hawafi.

Sasa kosa lenyewe. Kwenye rundo hilo kulikuwa na ubao mmoja wenye doa la kahawia, limejikunja vizuri ajabu. Nikadhani ni rangi ya mti. Nikauficha wateja wasiuone, nikautengenezea kisanduku cha mama.

Mama anaishi Lalago. Miaka yote anasema useremala si kazi ya mwanamke, nitafute cha maana. Kisanduku hicho ndicho kitu changu cha kwanza alichowahi kukisifu. Anawekea michembe, vile viazi vilivyokaushwa, anavyotafuna mchana kutwa.

Nikafunga karakana, nikapanda basi.

Nimemkuta nje ya nyumba na jirani zake wawili, kisanduku katikati yao, anawakaribisha michembe. "Mwadila mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, na kabla sijakaa nikaomba kisanduku nikarekebishe bawaba. Akasema bawaba ni nzima. Nikasema basi nikakipige vanishi. Akasema kinang'aa. Akawaambia jirani zake kwamba nimepata mteja mjini, sasa nataka kumnyang'anya mama yangu. Wakacheka. Mkono wake ukaingia tena ndani, ukatoka na kipande.

Nikampokonya mdomoni. Mama yangu mzazi, mbele ya watu.

Nikasema yote: dawa, madumu, doa. Jirani mmoja akatema alichokuwa akitafuna. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliinuka, akaenda kumwaga michembe chooni, akarudi na kisanduku kitupu akakiweka miguuni pangu.

Nilijua kinachofuata. Si nilikwambia. Kazi ya wanaume. Takataka za watu. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nikipanga majibu, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kuyatoa, maana nimechoka kusemwa.

Akanishika mkono. Akaangalia kucha zangu, zimejaa vumbi la mbao kama kawaida.

"Na wewe uliyeupiga ubao huo msasa," akasema, "ulikuwa unafunga nini puani?"

Sifungi kitu. Napuliza vumbi kwa mdomo ili nione mistari ya mbao. Miezi yote hii nimekuwa nikipuliza na kuvuta, na leo toka asubuhi nimemfikiria mama tu, na wateja, na aibu yangu. Kifua changu mwenyewe hakikunijia akilini hata mara moja.

Nimelia pale pale, jirani wakiangalia.

Nimemwambia kesho aende akapimwe huko huko Lalago, mimi nitaenda hospitali ya hapa Bariadi. Amekataa. Anakuja na basi la kwanza twende wote, anasema nikiachwa peke yangu nitaipita hospitali, nitapitiliza hadi karakanani.

Na kweli ningepitiliza.