Mkwe Wangu Anapika Alfajiri, Mimi Nakula Hotelini

Bi Saida mpendwa, naomba unisaidie, na ikiwezekana unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mzazi wa mkwe wangu anakuja kutoka Tukuyu kuniuliza mwanawe amenikosea nini, na mimi jibu ninalo ila sioni nitakavyolitamka mbele za watu bila kufa kwa aibu. Majina ninayoandika siyo yetu ya kweli, lakini mengine yote ndivyo yalivyo.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, Mhehe wa Kilolo. Mume wangu, Mzee Kalinga, alifariki mwaka juzi, na baada ya arobaini mwanangu wa pekee, Saulo, alikuja kunichukua, akasema Mama huwezi kubaki peke yako na shamba, nikaja kuishi naye hapa Uyole pamoja na mke wake Tumpe na mtoto wao mmoja anayesoma. Saulo ni fundi wa malori, anatoka mapema kurudi jioni. Tumpe ni mwalimu wa shule ya msingi, na huyo binti Bi Saida sijui nikueleze vipi, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja, anaamka saa kumi na moja alfajiri, na baridi yetu ya huku unaijua, anapika chakula changu cha mchana, anakiweka kwenye hotpoti mezani, anafunika na kitambaa, ndipo anaoga na kwenda kazini.

Chakula kile hakipiti kooni. Siyo kwamba ni kibaya. Ni ile nyumba, ikifika saa sita mchana imenyamaza mpaka unasikia saa ya ukutani, na mimi kule Kilolo sijawahi kula peke yangu maishani, tulikula na Mzee, na wifi yangu, na vibarua, na yeyote aliyepita njiani, hapa nafungua hotpoti, natafuna tonge moja kama natafuna pamba, machozi yananitoka, nafunika.

Mwezi wa tatu nilikwenda sokoni kununua vitunguu, mvua ikanikuta, nikakimbilia kwenye mgahawa wa mama mmoja anaitwa Mwantumu, ni banda la mabati lenye meza moja ndefu na mabenchi, nikaona aibu kukaa bure nikaagiza wali maharage, sahani ya bei ya chini kuliko zote, ikaja na mchicha na kipande cha parachichi ambavyo sikuviagiza, na kabla sijashika kijiko mzee mmoja muuza viatu, Hamza, akanisogezea bakuli la pilipili akasema, "Mama, hii ni ya kuogopwa, anza na tone." Nikamwambia kwetu Kilolo hiyo tunawapa watoto. Meza nzima ikacheka! Bi Saida, nilikuwa sijachekesha mtu tangu mazishi. Fundi cherehani mmoja, Batuli, akaniuliza nimetoka wapi na nina wajukuu wangapi, dereva mmoja wa lori la Tunduma akasema na yeye mama yake ni Mhehe, akanisalimia "kamwene" kwa sauti mbaya kabisa, nikala nikamaliza, nikaongezewa mchuzi bila kuombwa hela.

Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa, na imekuwa miezi saba sasa, kila siku Tumpe anapokuwa kazini. Bei hainiumizi, hela ndogo ya shamba nililokodisha inatosha kabisa, na sahani moja pale mtu anakaa nayo saa nzima na hakuna anayemwangalia vibaya. Nina nafasi yangu kwenye benchi, nikichelewa Mwantumu anauliza, "Bibi wa Kilolo yuko wapi leo?" Batuli alipougua tulimchangia, binti yake Hamza alipojifungua nilikwenda kumwona mtoto. Nimekuwa na watu.

Sasa chakula cha Tumpe, kwa kuwa kukimwaga ni dhambi, nikawa nampelekea jirani yetu Faustina, mjane mwenzangu, namwambia kimezidi. Jioni Tumpe akirudi ananiuliza, "Mama, umekula?" namjibu, "Nimekula mwanangu, nimeshiba." Nilijiambia huo siyo uongo.

Wiki tatu zilizopita Faustina akiwa kwenye foleni ya maji aliwaambia wenzake kwamba Mama Saulo hali chakula cha mkwe wake, kila siku anayekila ni yeye Faustina, sijui bibi yule anaogopa nini. Neno hilo la "anaogopa nini" likatembea mtaa mzima. Wewe unajua, mtu akisemwa anaogopa chakula cha mkwewe, watu hawahitaji kumaliziwa. Na Tumpe siyo mtu wa kutaniwa kwa neno hilo, maana aliwahi kunisimulia kwamba shangazi yake alirudishwa kwao na watoto wawili kwa maneno yaliyoanza hivyo hivyo, jikoni, na mpaka leo kuna nyumba hawanywi chai yake.

Jumatatu ya wiki iliyopita alirudi kutoka shule, akakaa mbele yangu bila kuvua sweta.

"Mama, umekula?"

"Nimekula mwanangu."

"Maharage ya leo yalikuwaje? Naona kama nilizidisha chumvi."

Nikasema, "Hapana, yalikuwa mazuri sana, chumvi sawasawa."

Akaniangalia. "Mama, leo sikupika maharage. Nilipika njegere."

Akainuka akaenda jikoni, nikasikia sufuria zinaoshwa ambazo zilikuwa safi. Saulo aliporudi akaambiwa, akaja chumbani kwangu, hakuketi, akasema, "Mama, unaogopa nini kwenye chakula cha mke wangu?" Na mimi badala ya kusema ukweli nikasema ni tumbo. Nikasema tumbo linanisumbua mchana sikutaka kuwatia wasiwasi. Kesho yake akaacha kazi akanipeleka zahanati, nikaulizwa panauma wapi nikaonyesha mahali, nikapewa vidonge vya vidonda vya tumbo, na mimi nina tumbo la kusaga mawe Bi Saida, vidonge nimevifunga kwenye khanga sijui nivitupe wapi.

Lakini kinachoniua ni hiki. Tangu siku ile, jioni tukikaa kula, Tumpe akinipakulia anachukua kijiko anaonja kwanza sahani yangu mbele yangu, wali kidogo, mboga kidogo, anameza, anasubiri kidogo, ndipo ananisogezea. Saulo anainamisha kichwa. Mtoto juzi akauliza, "Mama, kwa nini unakula chakula cha Bibi?" Na mimi nakula, nasema kesho nitasema, kesho hiyo mdomo unagoma.

Kwa Mwantumu sijaenda tena. Nikisema ukweli watu watasema Saulo ameshindwa kumlisha mama yake mpaka anagombania benchi na madereva. Nikinyamaza, Tumpe ataitwa jina ambalo sitaki kuliandika. Na kuna jambo naona haya hata kukwambia wewe usiyenijua, naogopa nikishasema wataniambia nisirudi tena kule, na nikifikiria ile saa sita ya mchana na ile hotpoti napata kizunguzungu. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Severina, Uyole.

BI SAIDA ANAJIBU

Dada Severina, barua yako ilinifikia Alhamisi na gazeti letu linatoka Jumatano, kwa hiyo kusubiri ukurasa huu kungekuwa kukutupa. Nilikupigia simu saa ile ile. Hapa naandika niliyokuambia, kwa ajili ya wasomaji wengine wenye hotpoti zao.

Pole kwa kufiwa. Nakuambia hivyo kwa sababu naona waliokuzunguka walikupa kitanda, chakula na luninga, wakadhani msiba umekwisha. Mtu aliyekula na watu miaka sitini hawezi kukalishwa peke yake na meza akatarajiwa ashibe. Kwenda kwa Mwantumu hukukosea. Umetumia hela yako, umekula chakula safi, umechekesha watu, umechangia mgonjwa. Ningekuwa Uyole ningekuja kukaa karibu na wewe.

Sasa nisikilize. Binti wa watu anaamka saa kumi na moja, siku tano za wiki, miezi saba, anapuliza moto kwenye baridi ile kumpikia Faustina! Ungemwambia siku ya kwanza tu, "Tumpe mwanangu, lala, mimi mchana nitakula sokoni na wenzangu," angepata usingizi na wewe ungekula kwa amani. Badala yake umemwibia usingizi, halafu jina lake lilipochafuliwa ukakaa kimya. Unasema ulinyamaza kwa ajili ya heshima ya Saulo. Sikubaliani na wewe. Ulinyamaza ili usinyang'anywe benchi. Naelewa, lakini usimsingizie mwanao.

Na hilo la kuonja! Mwanamke anayeonja sahani yako mbele ya mume na mtoto wake anakuapia kila jioni kwamba hataki kukuua. Unahitaji viapo vingapi ndipo ufungue mdomo?

Kwa hiyo leo hii, Tumpe akirudi, mwambie. Yeye kwanza, peke yake, kabla ya Saulo. Usianze na machozi, maana ukilia atalazimika kukubembeleza na yeye ndiye aliyeumizwa. Anza na "wewe huna kosa lolote", kisha sema yote, na zahanati usiiache. Vidonge virudishe pale ulipopewa, umweleze daktari ukweli. Saulo akisema umemwaibisha, mwambie mwanaume ambaye mama yake ana mahali pa kwenda kula na kucheka hajaaibika. Kisha nenda kwenye foleni ya maji, saa ile wanawake wamejaa, useme mwenyewe kwa sauti chakula kilikuwa kinakwenda wapi na kwa nini. Neno lilitembea kutoka pale, na la kulifuta lianzie pale pale. Wewe Faustina, kama unasoma, umekula vizuri miezi saba bila kutoa senti, ulishindwa nini kwenda kumwuliza mwenzako kabla ya kuuliza mtaa?

Mama yake Tumpe akifika, usimpangie viti sebuleni kama baraza. Mwombe radhi kwa heshima, kisha mchukue yeye na binti yake uwapeleke kwa Mwantumu, waone kwa macho yao ulikokuwa.

Hayo ndiyo niliyosema Alhamisi. Jumapili mchana Severina alinipigia, na ameniruhusu niandike yaliyotokea.

Alimwambia Tumpe jioni ile ile. Tumpe alisikiliza akiwa amesimama mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, miezi saba nilikuwa najiuliza nikuongezee nini kwenye mboga." Akaingia chumbani, akafunga mlango, usiku huo Saulo ndiye aliyepakua. Ijumaa Tumpe hakuamka kupika. Severina alikwenda kwenye maji na ndoo tupu, akasema maneno yake, na Faustina akaondoka kabla ndoo yake haijajaa.

Jumamosi walikwenda wanawake watatu kwa Mwantumu. Tumpe alikaa ncha ya benchi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Batuli, ambaye hakujua lolote, akamwangalia akasema, "Huyu ndiye yule mkwe? Jamani, tunakufahamu! Hapa hatuli bila kusikia Tumpe kafanya hivi, Tumpe kanunuliwa hiki, Tumpe anafundisha darasa la watoto tisini na hapigi mtu."

Tumpe akasema, "Ananisifia hapa. Kule chakula changu anampa jirani."

Hata Hamza akaweka kijiko chini. Severina anasema alitamani mabati yamwangukie. Lakini akajibu, mbele ya wote na mbele ya mama yule wa Tukuyu, "Ni kweli. Nilimdanganya miezi saba, na watu wakamsema vibaya kwa ajili yangu. Yeye hana kosa." Mama yake Tumpe akavuta sahani yake, akaanza kula, na baada ya muda akamwuliza Mwantumu ndizi anazopika anazitoa wapi, maana za kwao ni bora, na Hamza akaona pa kuingilia, ubishi ukaanza. Tumpe alikula nusu.

Wakirudi nyumbani alisema, "Mama, Jumatatu mpaka Alhamisi nenda kwa wenzako. Ijumaa natoka shule mapema, nitapika, tutakula wawili."

Dada Severina, uliniuliza kwenye simu kama hiyo ina maana amekusamehe. Bado. Usimharakishe, na usimwulize. Halafu ukapunguza sauti, ukaniambia kwamba Ijumaa ndiyo siku Mwantumu anapika pilau, na kwamba labda ungeweza kumwomba Tumpe ibadilishwe iwe Jumatano.

Usithubutu! Ijumaa hiyo, na Ijumaa zote atakazokupa, uwe umekaa mezani kabla hajakuita.