Mama Alikosea Kuhesabu

Butembo, quartier Furu, siku ya Mungu kisha kanisa

Kwa Yaya yangu, dada mukubwa Jokébed, Beni, commune ya Beu

Wavukire, Yaya. Nakusalimia ku jina ya Bwana, weye na shemeji Zorobabel na batoto bote. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kikohozi ya mutoto wa mwisho imekwisha, na ku mutaa yenu munalala sasa bila kusikia masasi ya bunduki. Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Mama anakula muzuri, mugongo tu njo unamuchokoza asubuhi. Mimi mwili iko salama, mais roho haikae. Nakaa, nasimama, natoka inje, narudi, na sijui tena ni kitu gani nilikuwa natafuta.

Umeniuliza mara na mara: utaenda Bangkok ku operation ao hautaenda? Unataka neno moja, ndiyo ao hapana, kama mwalimu kweli. Yaya, kama ningekuwa na hilo neno moja, singeshona mikono miwili ya kushoto ku nguo moja ya chorale ya kanisa. Ule mama mwenye nguo aliivaa, akajaribu kuinua mukono, tukacheka bote, lakini mimi machozi ilikuwa karibu. Si kwamba kuna kitu kinakosa. Hôpital ya kule imenipa tarehe. Docteur ameongea na mimi ku vidéo, Virginie akiwa ananitafsiria. Unamujua Virginie, ule commerçante mwenye anaendaka Asia kununua bitambaa, mwenye namushoneaka tangu nilipofika Butembo. Atakuwa pembeni yangu mpaka nipone. Operation yenyewe unaijua, sitairudilia: itaniondolea kile kitu ya mwanaume yenye sikuomba kwa Mungu, mwili ipate kufanana na Hadassa, jina yenye bananiitaka huku. Kumebaki mimi tu. Nafunga valise, naifungua. Nafunga tena.

Ku telefone hatuwezi kusema haya, ju Mama iko pembeni yangu siku nzima, na telefone yako, Yaya, unisamehe, sauti yake inafikaka mpaka kwa jirani. Njo maana naandika.

Tangu mwanzo kulikuwa neno moja yenye ulinisimamishia mu njia. Ulisema Mama hajui kitu. Anajua tu iko na kijana fundi ku Butembo, Muhindo Gamaliel, mwenye anakuyaka kwetu Mangina kumuona, amevaa suruali na kofia ya Baba. Ulisema siku Mama atasikia kijana yule ameenda kukatwa ku inchi ya batu, hatapita juma, atakufa. Na mimi nilikubali. Kila mara Virginie aliponisukuma, nilimujibu: Mama.

Basi sikia vile Mama alifika hapa, ju nilikuambia nusu tu. Weye ulikuwa ku masomo siku ile batu balikimbia Mangina. Mama alifika kwako na mukeka ku kichwa, akakunywa maji, akakataa kulala, ju mama hawezi kulala nyumba moja na mukwe wake, hata vita ikuwe mulangoni. Akapanda gari ya Butembo. Réseau ya telefone ilikuwa imekatika, hakuna mutu mwenye angenijulisha nivae suruali.

Akashuka ku mutaa yetu, akaanza kuuliza nyumba ya Muhindo Gamaliel, fundi wa kushona. Bakamwambia huku hakuna Muhindo fundi. Akaeleza urefu wangu, akaeleza kovu yangu ya ku paji. Hapana, hatumujui. Mwisho jirani yangu Bénie, mwenye huruma yake inapita akili yake, akamushika mukono akamuleta kwa Hadassa, ju eti Hadassa anajua bafundi bote ya Furu. Mimi nilikuwa ku mashini, na robe yangu ya maua, mètre ya kupimia ku shingo, nywele imesukwa. Bénie akasema mama huyu anatafuta mutoto yake mwanaume, niangalie kama namujua.

Yaya, nilibakia na muguu ku mashini. Mama aliangalia kovu, akaangalia robe, akashuka mpaka ku miguu, akarudi ku kovu. Nilingoja kelele. Akamwambia Bénie aksanti, mwanangu, nitapumuzika kwanza hapa. Akaingia, akakaa ku kitanda yangu, akaomba maji ya kunawa.

 Kesho yake nilivaa suruali. Aliona suruali, akaendelea kutwanga majani yake ya sombe. Siku yenye ilifuata bateja bakakuya, nikavaa robe, akaona robe, akaendelea kutwanga. Akaanza hata kunisaidia kuweka bifungo, na unajua mukono yake, bifungo ya Mama haitokake. Lakini jina yangu haikutoka mu kinywa yake, ya zamani wala ya sasa. Nilikuwa tu "weye". Weye leta maji, weye kula, weye zima taa. Ningependa anipige, ningejua nimesimama wapi.

Sasa mambo ya Bénie. Alirudi kuuliza kama kijana amepatikana. Mama akasema bado. Bénie akalia, akawaza kwamba ba rebelles bamemushika mu njia, kama vile ilifanyika kwa bengi, na akapeleka jina ku kikundi ya bamama ya kanisa. Siku ya Mungu yenye ilifuata nilikuwa nimekaa mu banc, Mama pembeni yangu, na kanisa muzima ikasimama kumuombea Muhindo Gamaliel mwenye amepotea. Bakafunga na njaa ju yangu! Bamama bale bale nabashoneaka, banajua mupaka kipimo ya kiuno yangu. Balinishika mabega bakaniambia dada, Mungu akubariki kwa kumulilia mutoto ya mwingine, ju nilikuwa nalia kupita bote.

Juma kwa juma, jina yangu tu. Yaya, mutu kuombewa arudi, na iko pale amekaa na nguo ya kanisa! Chakula ikanishinda. Niliwaza kuhama Furu. Niliwaza kuenda Bangkok nibakie kule kule. Nikaandikia hôpital kwamba siende, kisha nikabaandikia kwamba naenda, nao bakaniuliza kwa heshima kama kichwa yangu iko muzuri.

Mambo ilipasuka jeudi iliyopita, siku tatu zimepita. Maombi ya bamama ilikuwa mu nyumba yangu, ju ni zamu yangu ya kubakaribisha. Nilikuwa nimeweka chai ku moto na nilikuwa nimesimama karibu na mulango, tayari kutoka kama bitazidi. Bénie akaanza: Bwana, umurudishe Muhindo. Mama akafungua macho katikati ya maombi, akasema:

« Muache. Muhindo hakupotea. Mimi njo nilikosea kuhesabu. »

Bamama bakafungua macho. Akaanza kutuhesabu ku bidole mbele yao, polepole, kama mutu anahesabu kuku jioni. Unajua vile siye Banande tunaita batoto kwa kufuatana: binti wa kwanza Masika, binti wa pili Kavira, na kijana mwenye anakuya kugeuza mustari kisha ya mabinti, huyo njo Muhindo. Weye Masika ulitangulia. Mimi nikakuya, bakasema ni kijana, bakaniita Muhindo, na Manassé kisha yangu bakamuita Kambale, kijana wa pili. Basi Mama akasema amezaa Masika, iko Beni, anafundisha. Kisha akamuzaa Kavira. Hapo aliniita nikae chini, akaniwekea mukono ku goti. Kisha tu njo akakuya kijana, ule wa Bunia, Manassé, huyo njo Muhindo, na jana tu alitelefoni. Akasema akili yake ilichoka mu njia ya kukimbia, ikamutuma kutafuta mutoto mwenye hayuko. Akabaomba musamaha ju ya njaa.

Bamama bakacheka mpaka bakalala juu ya benzao. Bakasema masikini, vita inaharibu vichwa ya bazee. Bakashukuru Mungu, bakamaliza chai yangu yote na mikate. Hakuna hata mumoja mwenye alisikia kile mimi nilisikia. Nilienda kusimama kwa jikoni. Manassé wetu ni Muhindo na hajui! Utamwambia weye, mimi simo. Na mimi mwenye nilijiona siku zote kama mutu wa kugeuka, mwenye kugeuza jina ya familia, Mama amesema mbele ya batu kwamba sikugeuka hata kidogo. Nilikuwa binti wa pili. Balinipatia tu jina ya mwingine.

Utawaza kwamba siku ile nililala. Sikulala. Jina ni jina, na kisu ni kisu, na ya kisu Mama alikuwa hajui. Nilimwambia juzi, tukiwa tunakunja nguo za chorale. Nilimwambia yote, inchi, hôpital, kitu gani batakata, na kwamba iko batu, si bengi, benye habaamuke. Alikunja nguo ile moja, akaikunjua, akaikunja tena. Akauliza kama ni lazima. Nikamwambia naweza kuishi bila, kama vile mutu anaishi na mwiba mu muguu, kila hatua anaukumbuka, na mimi nimechoka kukumbuka. Akauliza nani atanikanda na maji ya moto, kama vile yeye alikukanda weye kule Mangina kila ulipozaa. Nikasema Virginie. Akasema Virginie ni mutu wa biashara, atanichoma. Kisha akaweka nguo ile chini, na neno yenye alisema nakuandikia vile vile ilitoka:

« Enda. Mais hapana kufa. »

Na hapa njo nakufungulia roho yote, Yaya. Nilisema siku zote ni Mama njo anafunga njia. Sasa Mama ametoka mu njia, na nimekuta kuna mutu mwingine amesimama pale, na ni mimi. Naogopa. Maneno ya batu siyaogope, nimeizoea, na juu ya zambi nimemaliza kusemezana na Mungu. Naogopa kulala ku ile meza na kukosa kuamuka. Naogopa kurudishwa mu sanduku na passeport yangu juu yake, Muhindo Gamaliel, mwanaume, na batu bazike mutu mwenye hakukuwa, na Mama asimame pale bila nguvu ya kubishana na karatasi. Naogopa hata kuamuka, kama nitajuta. Docteur alisema benye kujuta ni bachache sana, na mimi nikamuuliza bale bachache bakoje, kama banafanana na mimi. Alicheka. Sikucheka.

Sikumuahidi Mama kitu. Nani anaweza kuahidi kutokufa? Nilimwambia tu nimesikia. Lakini tangu pale nimekuwa napima bile woga mbili, na hii ya kuenda iko na tarehe, itakuya na itapita. Ile ingine, ya kubakia vile niko, sijaona mwisho wake.

Kwa hiyo jibu yako ni hii: ninaenda. Jeudi asubuhi gari inatoka Butembo na itapita Beni mbele ya kushika njia ya Kasindi, ku mupaka. Dereva anasimamaka kidogo ku parking kupakia batu. Mama atanisindikiza mpaka pale kwenu, na jioni atarudi Butembo kulinda nyumba na mashini, ju hata sasa anakataa kulala kwa mukwe. Usishituke kuniona na suruali, ni ya mupaka tu. Passeport haikuhuzuria maombi ya jeudi.

Najua ulisema hautatoka kuniaga, ju kumuaga mutu mwenye anatafuta kifo ni kumusukuma. Sikuchukie, ulisema ju ya mapendo. Na sikudanganye kwamba niko na nguvu. Hata leo, mu kanisa, nilibadilisha mawazo mara mbili mbele ya mahubiri kuisha. Lakini nakuomba, Yaya, kuya ku parking. Mama amesema nikuandikie hii, ujitayarishe: atakuuliza kwa nini Masika alijua na mama hakujua. Sitakusaidia kujibu.

Kama nakuona pale, nitashuka tukumbatiane, hata dereva apige honi namna gani. Kama sikuone, sitamuomba dereva angoje. Nitakuwa mu gari, na itaenda.

Nisalimie shemeji na batoto, na bote ku masomo benye banaulizaka habari ya fundi wa Butembo. Mama anakusalimia na anasema upunguze chumvi ju ya presha. Wasingya, aksanti, Yaya, kwa miaka yote ulibeba siri yangu peke yako. Bwana akulinde mpaka jeudi, na kisha ya jeudi.

Mimi mudogo yako,

Kavira Hadassa