Boksi la Fataki

Townsville, Queensland
9 Machi 2019, mwaka wa arobaini na mbili tangu niondoke Montana

Dada yangu mpendwa Thora,

Natumaini barua hii inakukuta ukipumua vizuri kuliko ulipoandika, na kwamba nesi wako anakuruhusu kukaa dirishani. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yamechoka. Huku joto halipungui, nawe bila shaka bado wanakuondolea theluji mlangoni.

Umeniuliza jambo ambalo hukuwahi kuniuliza tangu tumzike kaka yetu Arne: je, fataki ulizomnunulia ndizo zilizomuua? Unasema hutaki kufa bila kujua.

Unakumbuka kaka alivyoilegeza springi ya nyundo ya bastola yake, kifyatulio kivutike kwa wepesi, ili ashinde mashindano ya shabaha. Tangu hapo nyundo iligonga kinyonge, ikawa inalipua fataki laini tu, vile vikombe vidogo vya kwenye kitako cha risasi vinavyowasha baruti. Kujaza upya maganda ya risasi ilikuwa kazi yangu, kwenye meza ya gereji, naye hakuchoka kunitania: "We bibi mshonaji, usinishonee risasi mbovu." Alikutuma mjini na jina la fataki kwenye karatasi. Dukani zilikuwa zimekwisha, ukachukua za jina jingine, ambazo muuzaji aliapa ni laini vilevile.

Kiangazi hicho Arne aligombania lango la maji la mfereji na jirani yetu, Royce Pickett. Alimvunja taya, kisha akamuulia mbwa. Mezani, huku akimwagia viazi mchuzi, alisema Royce akilifungua tena atammaliza. Ulimwambia aache upuuzi. Akacheka: "Nitamlaza mferejini, Thora. Si anapenda maji?"

Jumanne asubuhi Royce alilifungua. Nilimfuata Arne hadi kwenye uzio. Royce alikuwa amepiga magoti topeni, anasema, "Arne, nina watoto, bwana." Arne akamlenga usoni, akavuta kifyatulio. Nyundo ikagonga, risasi haikutoka. Akavuta tena, na tena. Ndipo Royce akakamata koleo lake la kuzolea tope. Pigo la kwanza lilimng'oa Arne sikio, la pili likampasua fuvu. Royce aliendelea kupiga hata miguu ya Arne ilipotulia, na maji yakaingia mekundu katika shamba letu. Mikono yangu ilikuwa juu ya waya wa uzio. Sikusogea.

Mahakama ilisema Royce alijitetea. Mjini wakasema Thora alinunua boksi lisilofaa, na wewe ukaamini. Niliwasikia, nikanyamaza.

Boksi lako lilikuwa sahihi, dada. Ulipozileta nilijaribu fataki tatu kwenye bastola ileile, zote zikalipuka. Jumapili, mlipokuwa kanisani, nilizitoa risasi zake sita nikaweka nyingine zenye fataki za bunduki ndefu. Upana ni uleule, ila bati lake ni nene, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nilijua nyundo ile haitaziweza. Nilitaka Royce aishi na Arne asifungwe. Nilidhani Royce atakimbia. Boksi lako nililitupa kisimani, mtu asije akazijaribu fataki zake, na theluji ilipoanza nilikuwa nimeshapanda meli.

Waonyeshe barua hii wote waliokunyooshea kidole, kama wako hai. Nisalimie watoto wako, na umshukuru nesi kwa niaba yangu. Umeniomba nije tuonane kabla hujaenda. Sitarudi.

Mdogo wako,
Lyle Haugen