Makaburi ya Nyuma ya Jiko Langu

Jumatano, 2 Julai 2025

Wapima viwanja wamefika leo. Baridi kali, nikawapa chai. Mkubwa wao anaitwa Vitus, kijana mpole. Akatandaza ramani ya mji mpya mezani kwangu — barabara, shule, soko, kila kitu na rangi yake. Nikamwuliza sisi tupo wapi. Akaweka kidole, akakiondoa, akakiweka tena palepale.

"Mama, hapa ni makaburi."

Nikamwambia hapa ni nyumba. Vyumba vitatu, umeme, choo cha ndani. Akasema anaiona, tena nzuri, ila ramani imeshapitishwa. Habibu, mume wangu, akauliza kama tutavunjiwa. Hapana, bajeti ya kuvunja haipo. Tuendelee tu kuishi. Hati ndiyo hatutapata.

Upande wa sebule Waislamu, upande wa jiko Wakristo. Ndivyo walivyopanga!

Ijumaa, 4 Julai

Habari imezagaa. Bodaboda wakifika kwetu wanazima muziki. Jirani kapita kavua kofia. Binti yetu Jaha karudi shule analia — wenzake wanamwuliza huwa anaongea na nani chumbani.

Habibu kaenda mjini Iringa kulalamika. Kaambiwa malalamiko ya makaburi yanapokelewa kutoka kwa ndugu wa marehemu.

Jumatatu, 7 Julai

Mzee Kalinga wa kule bondeni kaja na kuku. Nikajua kuna jambo. Mama yake, Bibi Anjela, anaumwa moyo. Makaburi ya zamani yamepangiwa soko, na mtendaji wa mtaa kapiga marufuku kuzika kule. Kwa hiyo anaomba achague sehemu mapema. Amependa nyuma ya jiko, penye mchicha wangu. Maji hayatuami pale.

Habibu kamfukuza. Kuku kabaki.

Alhamisi, 17 Julai

Bibi Anjela kaja mwenyewe! Kwa bajaji, kajifunga mablanketi mawili. Eti hawezi kulazwa mahali asipopaona. Nikamshika mkono hadi kwenye mchicha. Akaangalia mashamba yanavyoteremka kuelekea Kalenga, akauliza kama moshi wa jiko unakuja upande huu. Nikamwambia napikia gesi. Akaridhika.

Nikadhani ataondoka. Akakaa, tukachambua maharage hadi jioni. Akanisema kwamba naacha mawe. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyenisema jikoni kwangu. Nilitamani aendelee.

Jumanne, 22 Julai

Sasa anakuja kila asubuhi. Jaha anamwita bibi. Leo kamwambia Habibu asihangaike, yeye hafi mpaka tupate hati. Habibu akacheka — kicheko cha kweli, sijakisikia tangu ramani ije. Akamtolea kiti juani.

Jumamosi, 26 Julai

Bibi Anjela kafariki alfajiri. Nimelia kama wa kwangu.

Kalinga na wanaume wa mtaa wapo getini na majembe. Hawaingii. Habibu kasimama katikati ya geti, macho mekundu, naye kalia. Lakini kawaambia wakizika mtu mmoja tu hapa, ramani imekuwa kweli. Hati hatuipati maisha. Na hajakosea.

Mtendaji kapigiwa simu. Kasema makaburi anayoyatambua ni haya ya kwetu, mengine hana. Kisha akatupa pole kwa msiba — sisi, wenye nyumba.

Kalinga hakubishana. Kaniangalia mimi.

"Mama Jaha, sasa nimpeleke wapi?"

Habibu naye akaniangalia. Nilimwonyesha Kalinga kwa kidole bomba la maji linapopita, wasije wakalikata. Halafu nikaingia ndani, ndiyo naandika hapa.

Habibu bado hajasogea getini.