Posa ya Hamdiya Isiende

Horohoro,
Jumatano

Kaka yangu Rahimu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai mguu wa baba umepoa, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi bado karani wa mizigo hapa mpakani. Kazi naiweza, usingizi ndio siupati.

Mama ameniambia kuwa Ijumaa wewe na wazee mnatoka Moa kunipelekea posa kwa kina Hamdiya, Usagara. Nakuomba msiende. Sababu yake nimeiandika na kuichana mara nne.

Hamdiya nilishamwoa. Tulipokuwa mwaka wa tatu chuoni tuliogopa zinaa, tukafunga ndoa ya siri chumbani kwa rafiki yangu Sele, aliyesoma madrasa akajiona anatosha kuwa sheikh. Wenzetu wawili wakawa mashahidi. Walii wa kumwozesha hakuwapo. Tukala haluwa, tukaambiana sasa tuko halali.

Wiki ile ile Hamdiya aliomba twende kupima, au nitumie kondomu mpaka tupime. Nikamwambia mke hamdai mumewe cheti kama askari wa barabarani. Sele akacheka, akasema kondomu ni za wahuni, wenye ndoa kinga yao ni Fatiha. Hamdiya hakuomba tena, nami nikadhani ni adabu.

Mwezi uliopita tulichangia damu ofisini. Baadaye nikaitwa hospitali peke yangu. Nina virusi vya UKIMWI, kaka. Dawa nimeanza, na muuguzi amenihakikishia kuwa nikizimeza bila kuruka nitazeeka kama wengine. Nilimwambia Hamdiya siku hiyo hiyo. Akapima, naye anavyo. Hakuwa na mwanamume mwingine kabla yangu. Ameniruhusu nikwambie wewe tu.

Aliniuliza neno moja: alipotaka tupime, je, nilikuwa najua? Nikaapa sikujua. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mwanamke mwingine. Tulipoachana alinipigia, akaniambia amekutwa na virusi, nami niende nikapime. Nilimtukana, nikaifuta namba yake. Sikwenda. Kwa hiyo Hamdiya aliposema kupima sikuwa nimeudhika, kaka. Niliogopa, nikaivalisha hofu yangu dini. Haya wewe ndiwe wa kwanza kuyasikia. Barua ya kumwambia Hamdiya haya nimeshaiandika, naituma kwake pamoja na hii.

Hamdiya hataki posa, wala hanitaki mimi. Anachotaka ni kwamba ikivunjika, Usagara wasiseme binti ameonekana ana ila. Basi ukiwaeleza baba na wazee, yaliyo yake yafiche. Yaliyo yangu yataje yote, na jina langu ulitaje. Baba akisema nisikanyage kwake, usinitetee.

Wape salamu zangu wale watakaotaka kuzipokea.

Mdogo wako,
Msafiri