Dakika Tatu za Saa ya Baba

Nyumba Na. 14, Mlango wa 31,
Murmansk.
20 Februari, 1983.

Mpendwa mdogo wangu Timofei,

Pokea salamu za nyumbani, hata kama nyumbani kwenyewe kumepoa. Hujambo? Wifi Varvara hajambo? Na Ilya, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, ila moyo umechakaa. Huku theluji imefika madirisha ya chini na jua ndio kwanza linaanza kuchungulia.

Najua telegramu ilikukuta baharini, kwa hiyo sikulaumu kwa kutofika mazikoni. Iliandikwa tu kwamba Mama amefariki ghafla, maana yaliyobaki hayaandikiki kwenye telegramu. Leo nakuandikia hayo yaliyobaki. Kaa kitako kwanza.

Unaikumbuka saa ya Baba, ile ya chumba cha redio aliyopewa manowari yao ilipovunjwa. Sidhani kama unaweza kuisahau. Mshale mrefu ukiingia kwenye wekundu uliopakwa usoni pa saa, robo na kasorobo ya kila saa, tuliweka vijiko chini tukanyamaza dakika tatu, kama alivyofanya yeye melini miaka ishirini na mbili. Mafundi wote wa redio baharini hunyamaza wakati huo, ili anayeomba msaada kwa mbali asikike. "Kuna mtu anazama huko, nyinyi mnapiga domo," Baba alikuwa akisema. Nawe ulikuwa unanikengezea macho mpaka nicheke, kisha kofi nile mimi.

Basi desturi ile haikufa ulipoondoka. Tumezeeka nayo. Mama alikuwa akiifanyia mzaha kimyakimya, anajikaba koo na kutoa ulimi kama mtu anayekufa kwa hamu ya kuongea, na mimi nabana kicheko.

Jumapili ile, tarehe sita, tulikuwa mezani, supu ya kabichi na samaki wa chumvi. Saa saba na robo tukanyamaza. Mara nikamwona Mama ameshika kifua. Akanitazama, akafungua mdomo. Nikadhani ni ule mzaha wake, na Baba siku hiyo alikuwa amenuna tangu asubuhi. Nikaweka kidole mdomoni. Timofei, Mama aliitikia kwa kichwa. Aliniitikia, akafunga mdomo, akangoja.

Mshale ulipotoka kwenye wekundu Baba akachukua kijiko, akasema, "Haya, Klavdia, nipe chumvi." Mama akaangukia meza. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, siwezi kumsingizia mtu. Alikata roho wakimshusha ngazi.

Jirani yetu Glafira alikuja kufunika vioo, akataka na kuisimamisha saa kama inavyofanywa panapotokea msiba. Baba akamshika mkono. "Hiyo iache," akasema. "Imefanya kazi yake. Mimi ndiye sikufanya yangu." Tangu hapo wimbo wake ukawa mmoja: nimemuua mke wangu, nimefundisha nyumba nzima kusikiliza watu wa mbali, aliyeniita mezani kwangu sikumsikia. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa hivyo hivyo.

Tulipomaliza kumbukumbu ya siku ya tisa, akaacha kula. Maji tu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwitia daktari. Ijumaa daktari akanivuta kando ukumbini. "Dada, mzee ameamua kwenda," akasema. "Kwa mwendo huu wiki hamalizi."

Nami nilikuwa na la kumwambia, la kumtua mzigo ule, nikawa nalimeza. Nilikuwa namwacha baba yangu afe kwa kosa langu kwa sababu niliogopa atanitazamaje. Ndivyo nilivyo, mdogo wangu, usijidanganye kwamba dada yako ni mtu mwema.

Jana asubuhi nikasema liwalo na liwe. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake nikamweleza yote, mkono wa Mama, mdomo wake, kidole changu. Nikamwambia, "Baba, aliita. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Kula, wewe huna kosa." Nikangoja anifukuze.

Halafu akasema, "Nilikuona, Raisa. Mkono wa mama yako niliuona, na kidole chako nikakiona. Nikasema moyoni, ahaa, hatimaye huyu binti amejifunza. Nilifurahi, mwanangu. Mwenzangu anakufa pale, mimi nimekaa nafurahi."

Kisha akaomba chai na mkate. Nikala naye. Hatukutazamana.

Leo amekula tena, asubuhi na mchana. Daktari amepita, anasema ataishi, moyo wake una nguvu kuliko wa kijana. Nimemshukuru. Nilipofunga mlango nikabaki nimesimama pale pale na koti la Mama bado linaning'inia. Ataishi, Timofei. Tutaishi wawili humu ndani, kila mmoja anajua alichokiona mwenzake.

Arobaini ya Mama ni tarehe 17 Machi. Njoo ukiruhusiwa. Na kama baada ya kusoma haya huna neno la kuniambia, sitanung'unika. Ila Baba usimnyime barua.

Nisalimie wifi, mbusu Ilya kwa niaba ya bibi yake. Glafira anakusalimu. Mungu akurudishe salama kutoka kila safari.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama wewe utashindwa,
Raisa